Neno "lau" si la majenerali peke yao

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita, ile iliyowasifu wanasiasa wanaoandika riwaya za historia mbadala, niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha magazeti hapa Voi. Mara ya pili nilikuwa nyumbani, kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea ya kazi. Nilifundisha Historia na Kiswahili katika shule za upili za Taita Taveta tangu 1980 hadi nilipostaafu 2016.

Mwandishi wenu anasema mwanasiasa akiuliza "lau mambo yangalikuwa vingine" basi ameonyesha kwamba ana fikira pana na kwamba anaipenda historia. Kuhusu mapenzi sibishani naye. Lakini makala nzima, kuanzia juu hadi chini, haikuuliza hiyo "lau" inaulizwa kutoka upande wa nani. Hapo ndipo pameniuma, na ndiyo sababu nimechukua karatasi.

Nianze na sarufi, kwa maana ndiko nilikolielewa jambo hili kwanza. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili niliwafundisha kwamba "ngali" ni kiambishi cha jambo lililokwisha kupita na haliwezekani tena. "Angaliwahi hospitalini, asingalikufa." Hakuwahi, amekufa, hakuna wa kulirudisha. Na kanuni niliyoisisitiza hadi sauti ikakauka ni kwamba ukianza na ngali umalizie na ngali. Anayeandika "angalikuja mapema, tunamwona" nilimkatia alama, kwa sababu ameondoka katika lisilokuwepo akaingia katika lililopo bila kuvuka mlango. Ameanza kwa dhana, amemaliza kwa dai.

Saa ya Historia niliitumia "lau" hiyo hiyo, na watoto waliipenda kuliko tarehe. Lau Mwingereza asingalijenga reli kupita hapa, Voi ingalikuwepo? Lau mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ungalivunjika bila makubaliano, mpaka wetu na Tanganyika ungalipita wapi, na soko la Taveta lingalikuwa la nani? Kwa hiyo nisieleweke kama mtu anayeogopa swali lenyewe. Ni swali zuri. Linamwonyesha mtoto kwamba yaliyotokea hayakuwa lazima yatokee.

Mfano mkubwa wa makala yenu alikuwa Newt Gingrich, Mmarekani wa jimbo la Georgia aliyekuwa mwalimu wa historia chuoni kabla ya kuingia Bunge la Wawakilishi na kukifikia kiti cha Spika mwaka 1995. Mwaka huo huo alitoa riwaya yake ya kwanza pamoja na mwanahistoria William Forstchen. Humo Ujerumani na Marekani hazikupigana katika Vita Vikuu vya Pili, Hitler akaitawala Ulaya, kisha Wajerumani wakavamia Oak Ridge, Tennessee, mahali ilipokuwa ikishughulikiwa siri ya bomu la atomiki. Baadaye, kuanzia 2003, wawili hao wakaandika riwaya tatu juu ya Gettysburg, pigano kubwa la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini. Katika historia ya kweli, Jenerali Robert Lee wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga aliwatuma watu wake kupanda mteremko uso kwa uso na mizinga ya adui, akashindwa tarehe 3 Julai 1863. Katika riwaya anauacha mteremko, anazunguka ubavuni, anampiga adui huko Maryland.

Ya kwanza kati ya hizo tatu niliinunua kwa muuzaji wa vitabu vya mtumba Mombasa, nikaisoma yote. Nasema kweli, ni kazi ya watu wanaoijua ramani. Wanajua mto uko wapi, daraja liko wapi, kikosi kipi kilikuwa na njaa. Wala hawaishii kuusifu utumwa. Mwisho wa riwaya ya tatu Kaskazini ndiyo inayoshinda. Sikukiona kitabu cha mtu mwovu. Nilikiona kitabu kilichoandikwa kutoka juu ya farasi.

Mfano ni huu, na naomba msomaji autafakari. Mwezi Juni 1863, jeshi la Lee lilipokuwa likiingia Pennsylvania kuelekea huko Gettysburg, askari wake waliwakamata watu weusi katika miji ya Chambersburg na Mercersburg. Wengine walikuwa watumwa waliotoroka, wengine walikuwa huru tangu kuzaliwa. Walikuwemo wanawake na watoto. Walifungwa kamba, wakaswagwa kurudi Virginia kutiwa utumwani. Jambo hili limeandikwa kwenye shajara za watu wa miji hiyo walioyaona kwa macho. Sasa mwulize "lau" mwanamke mmoja wa Chambersburg aliyeshikwa mkono wa kulia na askari na mkono wa kushoto amemshika mwanawe. Lau ningalikwenda kulala kwa dada yangu usiku ule. Lau mto ungalifurika. Lau Lee angalishinda, ningalirudi lini? Kwake yeye hilo swali la mwisho halina raha ya mchezo wa bao. Riwaya ya vita ikimpa jenerali kurasa mia mbili za kuwaza upya mbinu zake, na mwanamke huyu akakosa hata sentensi yake, basi hatujaambiwa lingalikuwa nini. Tumeambiwa tu bendera ipi ingalipepea.

Makala yenu haikutaja, na labda mwandishi hakujua, kwamba Gingrich ana uhusiano na upande wetu huu wa dunia. Tasnifu yake ya uzamifu, aliyoikamilisha Chuo Kikuu cha Tulane mwaka 1971, ilihusu sera ya elimu ya Wabelgiji katika Kongo, tangu 1945 hadi 1960. Mimi kama mwalimu nilifurahi nilipolijua hilo. Nani mwingine katika uongozi wa Marekani aliwahi kukaa miaka akifikiria darasa la mtoto wa Kikongo? Kisha nikasoma kwamba utafiti aliufanya Brussels. Huko ndiko zilikokuwa nyaraka, ni kweli, na mtafiti hufuata nyaraka. Lakini 1970 waliokaa kwenye madawati yale walikuwa hai, wengi wao hawajafika miaka arobaini. Waliofundishwa kusoma kwa Kiswahili na wamishonari wa Katanga na Kivu walikuwa hai. Walikuwepo wa kueleza maana ya nchi kubwa namna ile kufika siku ya uhuru, 30 Juni 1960, ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika hata thelathini. Sera ukiisoma ofisini kwa aliyeiandika utaiona ina mpangilio. Ukiisoma kwa aliyekatishwa masomo darasa la tano kwa sababu sera ilisema inatosha, utaiona nyingine kabisa.

Nisingalilitaja hilo lau lingaliishia kwenye tasnifu. Halikuishia. Septemba 2010, Gingrich akiwa anajiandaa kugombea urais, alimzungumzia Rais Obama katika mahojiano akauliza: vipi kama Obama yuko nje ya ufahamu wetu kiasi kwamba hawezi kueleweka ila na anayeelewa mwenendo wa Kikenya wa kupinga ukoloni? Wakenya wengi tuliyasikia maneno yale tukacheka tukapita. Mimi sikucheka. Nilisikia "vipi kama" ya mwandishi wa riwaya ikitoka ndani ya kitabu na kupanda jukwaani. Obama alilelewa Hawaii na Indonesia. Baba yake, wa Kogelo hapa Kenya, aliachana na mama yake mtoto akiwa mdogo mno, na baada ya hapo walionana mara moja tu, mwaka 1971, kwa muda wa mwezi hivi. Mtu aliyesomea historia, tena historia ya koloni la Afrika, aliyajua au angeweza kuyajua hayo kwa nusu saa. Lakini swali lilipangwa ili lisihitaji jibu. Alianza na "ngali" ya dhana, akamalizia na "ni" ya dai. Hilo ndilo kosa nililolikatia alama miaka yote.

Na angalieni alichokifanya tusi. Kupinga ukoloni. Kwa baba yangu mimi, na kwa wanaume niliowaona nikiwa mtoto wakitembea na viungo vilivyounganishwa vibaya, huo haukuwa ugonjwa wa kufikiri unaohitaji mtaalamu wa kuueleza.

Kabla ya Gingrich alikuwepo mkubwa zaidi, naye ana uhusiano na Voi kwa njia ya reli. Winston Churchill alipita hapa mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, garimoshi likipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Ameandika mwenyewe jinsi alivyokaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili aione nchi vizuri. Miaka mingi baadaye, mwaka 1930, aliandika insha kuhusu Gettysburg hiyo hiyo. Aliigeuza kwa ustadi: anajifanya mwanahistoria anayeishi katika dunia ambamo Lee alishinda, halafu anawaza ingalikuwaje lau angalishindwa. Katika dunia hiyo ya Churchill, Lee akiisha kushinda anaukomesha utumwa kwa amri yake mwenyewe, Uingereza na nchi zote mbili za Marekani zinaungana, na vita vya 1914 vinaepukwa.

Insha hiyo imenikaa rohoni kuliko riwaya yoyote. Katika historia iliyotokea, watumwa wa Marekani walijing'oa mashambani, wakavuka mito usiku kufuata jeshi la Kaskazini, na weusi wapatao 180,000 wakavaa sare za jeshi hilo wakapigana. Katika "lau" ya Churchill hakuna hata mmoja wao anayehitajika. Uhuru unawajia kama zawadi kutoka kwa jenerali yule yule ambaye askari wake waliwafunga kamba watu wa Chambersburg. Kalamu moja imewanyang'anya watu kazi yao wenyewe ya kujikomboa.

Sisi hapa tunaijua hadithi hiyo. Ni hadithi ya uhuru wetu kuandikwa kana kwamba ulitolewa kwenye meza ya mazungumzo ya Lancaster House, London, na mabwana wenye moyo mwema.

Na mwaka 1953 Churchill alipewa tuzo ya Nobel ya Fasihi, moja ya sababu zilizotajwa ikiwa ustadi wake wa kusimulia historia. Mwaka huo alikuwa Waziri Mkuu. Hali ya hatari Kenya, ya kupambana na Mau Mau waliopigania ardhi na uhuru, ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 chini ya serikali yake, na Aprili 1954, bado chini ya serikali yake, Nairobi ilizingirwa katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa kwa maelfu, wakaletwa kwa garimoshi huku kwetu, Manyani na Mackinnon Road. Ni reli ile ile ya benchi la mbele ya injini. Safari hii waliosafiri waliwekwa nyuma ya wavu.

Churchill hakuficha alivyoiona kazi ya historia. Januari 1948 aliliambia Bunge la Uingereza kwamba ni heri vyama vyote viyaachie ya nyuma historia, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe alikusudia kuiandika hiyo historia. Wabunge walifurahishwa. Mimi ningependa wanafunzi wetu wayajue maneno hayo kabla hawajafungua kitabu chochote kilichoandikwa na aliyewahi kuwa waziri.

Maana hapa ndipo mwandishi wenu alipochanganya mambo mawili yasiyolingana uzito. Riwaya, hata ikiwa na upofu wake, imeandikwa "riwaya" kwenye jalada. Msomaji ameonywa. Kinachonitisha ni kile kingine, mwanasiasa anapoandika "lau" yake na kuiita historia.

Alexander Stephens alikuwa wa Georgia pia. Alikuwa Makamu wa Rais wa majimbo yaliyojitenga. Tarehe 21 Machi 1861, mjini Savannah, alihutubia umati akasema wazi kwamba serikali yao mpya imejengwa juu ya ukweli kwamba mtu mweusi si sawa na mtu mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Jiwe la pembeni, aliliita. Hotuba ilichapishwa magazetini, ipo hadi leo. Vita vikaja, Kusini ikashindwa, watu wapatao laki sita na zaidi wakafa. Mwaka 1868 na 1870 Stephens akatoa vitabu viwili vinene kueleza kwamba vita vile vilihusu katiba na haki za majimbo. Rais wake, Jefferson Davis, akafuata na chake mwaka 1881 akisema utumwa haukuwa chanzo, ulitokea tu kuwepo. Na Stephens hakufa akiwa amejificha kwa aibu. Alirudishwa bungeni, kisha akachaguliwa gavana.

Vitabu hivyo vingebaki kwenye rafu, ningesema ni wazee walioshindwa wanajitetea. Havikubaki. Chama cha mabinti wa wapiganaji wa Kusini, kilichoanzishwa 1894, kilichukua maelezo hayo na kuyaingiza mashuleni. Karibu mwaka 1920 aliyewahi kuwa mwanahistoria wa chama hicho, Mildred Rutherford, alitoa kijitabu cha kupimia vitabu vya kiada: kitabu kinachosema Kusini ilipigana ili kubaki na watumwa kikataliwe, na vilivyomo maktabani viandikwe kwenye ukurasa wa jina la kitabu kwamba haviitendei Kusini haki. Walimu wakatii. Vizazi vya watoto wakakua wakiamini. Nimewahi kusimamia kamati ya kuchagua vitabu shuleni, najua jinsi jambo kama hilo linavyofanyika: orodha inafika, mwalimu mkuu anatia sahihi, vitabu vinaagizwa, na miaka arobaini baadaye mtu mzima anakuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu alifundishwa.

Kwetu nako. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kule Tana River, wafungwa wa kizuizini kumi na mmoja walipigwa kwa marungu hadi wakafa kwa kukataa kulazimishwa kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Waandishi wa taarifa ile hawakungoja miaka kumi waigeuze historia, waliigeuza maiti hazijapoa. Ilihitaji uchunguzi wa vifo kuuweka wazi uongo. Kisha mkoloni alipokaribia kuondoka, ilitoka amri kutoka London kwamba nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali ya Malkia zisiachiwe serikali mpya. Nyingine zikachomwa. Maelekezo yaliruhusu hata zipakiwe kwenye makreti yenye uzito na kutoswa baharini mahali penye kina kirefu, mbali na pwani. Zilizosafirishwa zilifichwa Hanslope Park, majengo ya serikali huko Uingereza, na hazikukiriwa hadi 2011, katika kesi ambayo wazee wetu watano waliishtaki serikali ile mahakamani London. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza masikitiko yake na kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Na nisimlaumu Mwingereza pekee nikajiona nimemaliza. Kenyatta mwenyewe mwaka 1962 aliwaambia watu kwamba Mau Mau ni ugonjwa uliokwisha kutokomezwa na usikumbukwe tena. Baadaye ikawa sote tulipigania uhuru, aliyekuwa msituni na aliyekuwa mlinzi wa mkoloni, sote sawa. Marufuku ya Mau Mau ilidumu kwenye sheria zetu hadi 2003, miaka arobaini baada ya bendera kupandishwa. Nilifundisha Historia miaka ishirini na mitatu chini ya sheria iliyosema chama cha watu ambao nafundisha habari zao ni haramu. Mara mbili nilionywa na mkaguzi, ambaye simtaji, kwamba nisikae sana kwenye kambi za kizuizini kwa kuwa haziji katika mtihani. Shule yangu wakati ule ilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari kutoka lango la Manyani.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni la kazi, na liko ndani ya uwezo wa chumba chenu cha habari. Siku hizi kila mwanasiasa mstaafu wa nchi hii ana kitabu, na kila kitabu kikizinduliwa hotelini nyinyi mnachapa kurasa zake mfululizo siku nne tano, na kuziita historia. Chapeni. Lakini pembeni ya kila ukurasa wekeni kilichoandikwa siku ile ile na wengine: kumbukumbu za Bunge, gazeti lenu wenyewe la wiki hiyo, hukumu ya mahakama kama ipo. Na mtafuteni mtu mmoja aliyekuwepo na hakuwa na cheo. Dereva, mpishi, karani, mwanafunzi aliyepigwa virungu. Kama mwanasiasa anataka "lau", apewe ukurasa wa hadithi, na hapo nitamsoma kwa furaha. Ila akimalizia na "ni", mpeni kalamu nyekundu.

Mkitaka mfano wa "lau" ya mtu asiye na cheo, ninao nyumbani, na nimeuhifadhi muda mrefu bila kujua niupeleke wapi.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Voi. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za garimoshi na kushika taa usiku. Mwaka 1954, mwezi hakuukumbuka vizuri ila mvua za masika zilikuwa hazijaisha, lilisimama garimoshi usiku likielekea Mackinnon Road. Madirisha yalikuwa na wavu wa waya. Watu ndani walikuwa wengi mno na kimya mno. Alisema kimya chao ndicho kilichomtia hofu. Injini ilipokuwa ikinywa maji alipita kando ya behewa na taa yake, na karatasi iliyokunjwa ikaanguka miguuni pake. Aliikanyaga kwanza, askari asiione. Alipofika kwenye kibanda chake aliisoma. Baba alikuwa amesoma hadi darasa la nne kwa wamishonari, na karatasi ilikuwa kwa Kiswahili.

Hakuipeleka popote. Alikuwa na mke, na mtoto mmoja wakati huo, na aliwaona watu wakipoteza kazi na kupelekwa kambini kwa makosa madogo kuliko hilo. Aliichoma kwenye taa yake. Miaka yote niliyomjua, jambo hili alilisema kwa ngali. Ningaliipa posta. Ningalimpa dereva wa garimoshi la kupanda, alikuwa mtu mwema. Ningaliandika barua nyingine kwa mwandiko wangu, nisitie jina. Likizo ya Desemba 1991 nilikaa naye na daftari nikaandika yote aliyoyakumbuka, na daftari hilo lina kurasa kumi na nne, nusu yake ni ngali. Alifariki 1998.

Jina lililokuwa kwenye karatasi lilimtoka kichwani, na hilo lilimsumbua kuliko kitu kingine. Mahali hakupasahau: Kandara. Maneno alinitajia mara nyingi, kila mara vilevile, nami nayaandika hapa kama yalivyo daftarini, kwa kuwa gazeti lenu linafika Murang'a na huenda yuko mjukuu wa mama huyo ambaye anasoma.

"Mwambieni mama yangu Kandara niko hai. Nimepita Voi leo usiku. Asiuze mbuzi kwa ajili yangu."

Mwalimu mstaafu,
Voi, Kaunti ya Taita Taveta